Cheti cha Bawabu

Msomaji mpenzi, hapana shaka umekwisha kuambiwa mara nyingi ya kuwa cheti ni ufunguo wa maisha. Nakubali. Lakini ufunguo una tabia moja ambayo watu huisahau: haumwulizi aliyeushika kama ameupata kwa haki au kwa hila. Humfungulia mwenye nyumba, na mwizi humfungulia vile vile. Nataka kukueleza habari za cheti kimoja nilichokitafuta katika nchi ya mbali, cheti cha ulinzi wa kompyuta kwa kazi ya jeshi na serikali. Nitakueleza kwa nini kilifanywa kuwa sharti, mtu hujifunza nini ili akipate, na jinsi mimi mwenyewe nilivyokaribia kukipata kwa njia isiyo halali.

Aliyetangulia kunifundisha ulinzi hakuwa mwalimu wa kompyuta. Alikuwa baba yangu, bawabu wa bohari moja katika mtaa wa Shimanzi, Mombasa. Zana zake zilikuwa nne: rungu, tochi, filimbi na daftari. Rungu sikupata kumwona akilitumia hata mara moja, lakini daftari alilitumia kila saa. Kila aliyeingia langoni aliandikwa jina lake, saa ya kuingia na saa ya kutoka, hata tajiri mwenye bohari. Usiku baba aliizunguka bohari kila saa, akajaribu kufuli moja baada ya moja, kisha akaandika saa ile na mbele yake neno moja tu: "Salama." Utotoni niliiona kazi hiyo kuwa duni. Sikujua ya kuwa siku moja nitavuka bahari ili nifundishwe kazi ile ile kwa majina mapya.

Nilikwenda Marekani nikiwa kijana. Nchi ile humruhusu mgeni mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu kujiunga na jeshi, nami nilijiunga, nikapata uraia, na baada ya miaka kadhaa nikapangiwa kazi ya kutunza kompyuta za kambi moja. Hiyo ilikuwa mwaka 2018. Siku ya kwanza msimamizi wangu alinipa karatasi nitie sahihi. Ilisema ya kuwa nina muda wa miezi 6 kupata cheti cha ulinzi wa kompyuta, na nisipokipata nitaondolewa katika kazi hiyo. Nilitia sahihi kwa furaha, kama mtu atiaye sahihi deni ambalo siku yake ya kulipwa ingali mbali.

Sharti lile halikutungwa na msimamizi wangu. Mwaka 2004 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa amri yenye nambari 8570, na mwaka 2005 mwongozo wake ukafuata. Maana ya amri ile, kwa maneno machache, ni kwamba kila mtu aliyekabidhiwa mitambo ya kompyuta ya jeshi ili aitunze au ailinde, awe askari, mtumishi wa serikali au mtu wa kampuni yenye mkataba, sharti awe na cheti kinachotambuliwa. Askari na watumishi wa serikali walipewa miezi 6. Mtu wa kampuni alitakiwa awe nacho tangu siku ya kwanza ya kazi. Kazi ziligawanywa kwa madaraja, na kila daraja likapangiwa vyeti vyake. Kwa daraja la pili la mafundi, ambalo ndilo lililokuwa langu, watu wengi huchukua cheti kiitwacho Security+, kinachotolewa na shirika la CompTIA tangu mwaka 2002. Kwa madaraja ya juu kiko kingine kiitwacho CISSP, ambacho hakipewi mtu kwa mtihani peke yake, bali pia kwa uzoefu wa kazi wa miaka 5.

Huenda ukauliza: kwa nini jeshi lenye mizinga na ndege lihangaike na mitihani ya karatasi? Sikiliza basi visa vitatu, upate kujua ya kuwa adui wa zama hizi haingii kwa mlango wa mbele.

Mwaka 1986, katika maabara moja ya utafiti huko Berkeley, jimbo la California, mtaalamu wa nyota aitwaye Clifford Stoll alipewa kazi ya kutafuta sababu ya upungufu mdogo katika hesabu za matumizi ya kompyuta. Upungufu wenyewe ulikuwa senti 75. Mtu mwingine angezitoa senti hizo mfukoni mwake, akafunga daftari, akaenda zake. Stoll hakufanya hivyo. Alifuata nyayo za senti 75 mpaka akagundua ya kuwa mgeni asiyejulikana anaingia katika kompyuta zao usiku, na kutoka hapo anapapasa milango ya kompyuta za jeshi. Baada ya miezi mingi, nyayo ziliishia katika mji wa Hannover, Ujerumani ya Magharibi, kwa kijana mmoja aliyekuwa na wenzake wakiuza habari kwa majasusi wa Urusi ya Kisovieti.

Kisa cha pili ni cha mwaka 2008. Katika kambi moja ya Marekani huko Mashariki ya Kati, mtu alichomeka flashi katika kompyuta. Ndani ya flashi ile palikuwa na programu ya uharibifu, nayo ikaenea kimya kimya katika mitandao ya jeshi, hata katika ile yenye siri. Mwaka huo jeshi lilipiga marufuku matumizi ya flashi, na mwaka 2009 ikaundwa kamandi maalumu ya vita vya kompyuta. Tazama, msomaji: kijiti kidogo kuliko kidole kilitikisa jeshi kubwa.

Cha tatu kilitangazwa mwaka 2015. Wezi waliingia katika ofisi inayotunza kumbukumbu za watumishi wa serikali ya Marekani, wakachukua habari za watu milioni 21.5, na pamoja nazo alama za vidole za watu milioni 5.6. Hawakuvunja ukuta wowote. Walitumia jina na neno la siri vilivyoibwa kwa mtu wa kampuni iliyokuwa na mkataba na ofisi ile. Mtu akiibiwa neno la siri aweza kulibadilisha kesho yake. Akiibiwa alama za vidole, atapata wapi vidole vingine?

Hiyo ndiyo sababu ya cheti. Sasa nikueleze kidogo mtu hujifunza nini. Elimu hii yote imesimama juu ya nguzo tatu. Fikiri barua unayompelekea mama yako kwa mkono wa dereva wa basi. Kwanza, unataka asiisome mtu mwingine njiani: hiyo ni nguzo ya siri. Pili, unataka yale uliyoandika yafike vile vile, asitokee mtu akageuza shilingi 500 zikawa 5,000: hiyo ni nguzo ya ukamilifu. Tatu, unataka ifike kwa wakati, wala isikwame kituoni: hiyo ni nguzo ya kupatikana. Kila hila ya mdukuzi hulenga mojawapo ya nguzo hizi, na kila kinga huimarisha mojawapo.

Kwa nguzo ya siri kuna elimu ya kuandika kwa mafumbo, ambayo ujumbe hugeuzwa usifahamike ila kwa mwenye ufunguo. Kwa nguzo ya ukamilifu kuna hesabu ya ajabu inayoweza kutwaa kitabu kizima na kukipa alama fupi, kama alama ya kidole. Ukigeuza herufi moja katika kitabu kile, alama yote hubadilika, hata kama kitabu kina kurasa 1,000. Kwa nguzo ya tatu kuna kuweka nakala za akiba mahali pengine, ili moto au mwizi asikuachie mikono mitupu. Juu ya hayo yote kuna kanuni moja ambayo baba angeitambua mara moja: usimpe mtu funguo nyingi kuliko kazi yake. Mpishi apewe ufunguo wa jiko, wala asipewe ule wa sanduku la fedha, si kwa kuwa ni mwizi, bali kwa kuwa aweza kuibiwa.

Mtihani una maswali yasiyozidi 90, nayo hujibiwa kwa dakika 90. Alama huhesabiwa kuanzia 100 hadi 900, na anayepata 750 amefaulu. Baadhi ya maswali si ya kuchagua jibu, bali huonyeshwa mtandao wa mfano ukatakiwa uupange kwa mikono yako mwenyewe. Nilisoma miezi mitatu baada ya saa za kazi. Naungama ya kuwa nilisoma kama wanafunzi wengi wasomavyo: nilikariri majina, nikaruka mambo magumu, nikajiambia ya kuwa nimeelewa kwa sababu maneno yamezoeleka machoni pangu. Siku ya mtihani nilipata 721.

Kushindwa kwa alama chache kuna uchungu wake. Anayeanguka mbali hujua hakufika. Anayeanguka mlangoni husikia sauti za walio ndani. Karatasi ya matokeo ilitaja sehemu nilizokosea, nazo zilikuwa zile zile nilizoziruka. Nilibakiwa na majuma machache. Ada ya kurudia, zaidi ya dola 300, ilinibidi nijilipie, na fedha hizo nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya karo ya mdogo wangu huku nyumbani.

Hapo alikuja mwenzangu mmoja wa kazi. Alikuwa mtu mwema kwangu, aliyenikopesha gari lake mara nyingi nilipokuwa sina langu. Alinipa bahasha nene, akaniambia, "Soma hizi siku tatu tu, rafiki yangu. Ndivyo nilivyofaulu mimi." Ndani palikuwa na maswali ya mtihani, yameibwa na kuuzwa, na majibu yake chini. Nilijua ni haramu. Kila aketiye mtihani ule hukubali kwanza masharti, na mojawapo ni kutotumia maswali ya wizi. Akigunduliwa aweza kunyang'anywa cheti. Lakini sikuirudisha bahasha. Niliitia mtotoni mwa meza yangu, nikalala usiku wa kwanza, na wa pili. Sikuifungua tena, wala sikuitupa. Nilijipa sababu nyingi: maswali ni yale yale, kazi naijua, mdogo wangu asifukuzwe shule, na kwani nani ataumia?

Usiku wa tatu nilimpigia baba simu. Alikuwa amekwisha kustaafu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti yako ni ya mtu mwenye homa?"

Sikuthubutu kumweleza jambo lenyewe. Nilimwambia tu ya kuwa nina mtihani, na ya kuwa wenzangu wana njia ya mkato. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Wamkumbuka bawabu wa lango la pili, yule mwenye mwandiko mzuri?"

Nilimkumbuka. Baba akasema, "Yule bwana alikuwa na kazi nyingine mchana, kwa hiyo usiku alikuwa hoi. Akawa akifika magharibi, hukaa chini akalijaza daftari la usiku mzima. Saa mbili, salama. Saa tatu, salama. Mpaka alfajiri. Kisha hulala. Usiku mmoja wezi walifungua mabati ya paa, wakachukua magunia ya kahawa. Asubuhi polisi walilifungua daftari lake. Unajua walikuta nini?"

"Walikuta nini, baba?"

"Walikuta maandishi mazuri kuliko yangu. Saa sita, salama. Saa saba, salama. Saa nane, salama. Na magunia hayapo." Kisha akaongeza neno ambalo sikulitazamia: "Na yule bwana hakuwa mwizi, mwanangu. Alikuwa amechoka tu."

Hakuniambia nifanye nini, wala mimi sikumwuliza. Lakini niliposhusha simu nilijua jina la kitu kilichokuwa mtotoni mwa meza yangu. Lilikuwa daftari lililojazwa magharibi. Cheti kile kilikuwa neno "Salama" ambalo jeshi lingelisoma na kuliamini, na watu wengi, nisiowajua na wasionijua, wangelala usingizi kwa sababu ya neno hilo.

Asubuhi nilimrudishia mwenzangu bahasha yake. Alicheka, akasema mimi ni mtu wa zamani. Nilimwandikia mdogo wangu kumwomba radhi, na karo yake ikachelewa muhula mmoja. Jambo hilo lilinitia haya, wala sitakuficha. Nikarudi katika sehemu nilizoziruka. Sasa sikukariri. Nilitwaa kompyuta mbili kuukuu, nikaziunganisha, nikajaribu kwa mikono yangu kila jambo lililoandikwa kitabuni, nikaharibu na kutengeneza mpaka nikaelewa sababu. Nilipoketi mara ya pili nilipata 768. Zilikuwa alama 18 tu juu ya mstari. Mwenzangu alikuwa amepata zaidi.

Sasa nafika mahali pagumu pa habari hii. Hadithi nyingi za aina hii humaliza kwa kumwangusha mdanganyifu shimoni. Yangu haina mwisho huo. Mwenzangu hakuanguka. Alipandishwa cheo, akahamishiwa kambi nyingine, na sijapata kusikia ya kuwa aliharibu lolote. Na mimi, niliyejiona mwaminifu, sikumwambia mkubwa yeyote juu ya bahasha ile. Nilijitetea ya kuwa alikuwa rafiki, ya kuwa alinikopesha gari, ya kuwa mimi si polisi. Lakini baba alimwandika daftarini hata tajiri mwenye bohari. Mimi niliona mtu amepita langoni usiku, nikamjua jina, nisiandike. Cheti changu ni cha halali, lakini ukurasa ule mmoja wa daftari langu u mtupu mpaka leo, na kila niutazamapo huona ya kuwa kuacha kudanganya ni nusu tu ya uaminifu.

Huenda wenye kutunga amri nao waliona upungufu wa vyeti. Mwaka 2023 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa mwongozo mpya, wenye nambari 8140, kushika mahali pa ule wa zamani. Katika mwongozo huu cheti kingali na nafasi yake, lakini elimu ya chuo na mafunzo maalumu navyo vyakubaliwa, na zaidi ya hayo mtu hutakiwa aonyeshe uwezo wake kwa kuifanya kazi yenyewe. Kwa maneno ya Shimanzi, haitoshi tena kulisoma daftari; sharti mtu aonekane akizijaribu kufuli.

Usidhani, msomaji, ya kuwa haya ni mambo ya Marekani peke yake. Kenya ilitunga sheria ya makosa ya kompyuta mwaka 2018. Mwezi wa Julai mwaka 2023 huduma za serikali zipatikanazo kwa eCitizen zilishambuliwa kwa kumiminiwa maombi mengi ya uongo kwa wakati mmoja, kama umati usio na haja ya kununua ukiziba mlango wa duka ili wanunuzi wasipite. Waziri aliyehusika alisema hakuna habari za watu zilizopotea, lakini wengi waliotaka huduma walikwama. Nguzo ya tatu ilikuwa imetikiswa. Nchi yako yahitaji mabawabu wa aina hii, na huenda wewe ukawa mmoja wao.

Ukiwa mmoja wao, utapita kwanza katika mitihani, na huenda siku moja mtu mwema kwako atakuletea bahasha. Wakenya wanayajua haya: mwaka 2015 mitihani ya taifa ilivuja, na mwaka 2016 bodi ya baraza la mitihani ikavunjwa. Sitakuambia ya kuwa anayeipokea bahasha hukamatwa daima, maana nimekwisha kukueleza habari za mwenzangu. Nakuambia tu ya kuwa swali la "nani ataumia?" halijibiwi siku ya mtihani. Hujibiwa usiku fulani wa mbele, paa linapofunguliwa, na wewe ndiwe uliyeandikwa kuwa macho.

Cheti changu hudumu miaka 3. Ili kisife, hutakiwa nikusanye alama 50 za masomo mapya, na kila somo niandike saa nilizolitumikia. Nimekihuisha mara mbili, mwaka 2021 na mwaka 2024. Ninapoijaza fomu ile nimeketi peke yangu chumbani, wala hapana mtu anayenisimamia. Ingekuwa rahisi kuijaza yote jioni moja. Lakini husoma kwanza saa ile mpaka iishe, ndipo nikaiandika, kisha nikasoma nyingine, nikaiandika nayo.